Bibi Aliyengoja Kualikwa

Mchana nilikuwa karani wa ghala la spea za magari Ras Al Khor. Jioni, siku tatu kwa wiki, nilikuwa mchapaji wa riwaya za Bibi, nyumbani kwake Al Twar. Kazi hizi mbili zinafanana kuliko mtu anavyodhani. Ghalani tulipokea vitu vya namna tatu: orijino, kopi, na vilivyokwisha kutumika vikapigwa rangi upya. Al Twar nilipokea watu, lakini namna zilikuwa zilezile.

Bibi aliniajiri kwa sababu moja tu. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya wino, katika madaftari ya shule, na hakupata mtu mwingine wa kumsoma. Mimi nilifundishwa herufi hizo na nyanya yangu kule Lamu, kabla sijaingia darasa la kwanza. Mengine yote nilijifundisha mwenyewe: kuchapa kwa vidole kumi, sarufi, kompyuta, na namna ya kukaa mbele ya watu wakubwa bila kuegemea mito yao. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, nikisoma kamusi ukurasa mmoja kila siku kabla ya basi la kazini. Nilikuwa nimefika herufi ya M.

Bibi alikuwa amepita sabini na tano. Amepita kwa kiasi gani halikuwa swali la kuulizwa. Ukoo wake Unguja ulikuwa na mashamba ya karafuu, majumba matatu Mji Mkongwe, na mjomba aliyekuwa akila meza moja na watawala. Vyote vimeondoka isipokuwa mjomba, ambaye yuko ukutani sebuleni, ndani ya fremu, na joho lake. Chini yake ndipo tulipofanyia kazi. Wakati mwingine, sentensi ikimshinda, Bibi alimtazama yeye kama mtu anayemtazama mtumishi aliyechelewa.

Aliandika juu ya watu wake: zile familia kubwa za zamani za Unguja zilizohamia huku nchi za Waarabu, ambazo zinaoana, zinazikana na kusemana kwa utaratibu uliokamilika kuliko wa ofisi yoyote niliyowahi kufanyia kazi. Alikwenda harusini kama wengine waendavyo maktaba. Akirudi alivua dhahabu, akaiweka kwenye sahani, akaandika. Nani kaketi wapi. Nani kamsalimu nani kwa mkono mmoja. Nani kasifia chakula kabla hajakionja. Alikuwa na sheria moja, na alinitajia siku ya kwanza.

"Mie siandiki nisichokiona, mwanangu. Kubuni nawaachia wenye haraka."

Kitabu cha kwanza kilipokuwa tayari, aliniita akafunga mlango.

"Sasa nifichie watu hawa," alisema. "Majina tumebadilisha, lakini wana macho. Sitaki mtu ajijue."

Nilifurahi, maana hiyo ilikuwa kazi ya utaratibu. Nilileta kadi tupu za ghalani. Kila mwanamke nilimpa namba, na chini ya namba nikaandika vitu anavyojulikana navyo: mwendo wake, neno lake, pambo lake, na jambo analojivunia. Kisha nikavibadilisha. Mwendo wa Namba Mbili nikampa Namba Kumi, kicheko cha Namba Kumi nikampa Namba Sita. Ndivyo mafundi wa Ras Al Khor wanavyolirudisha barabarani gari lililogongwa: mlango wa hili, taa ya lile, na mwenye gari mwenyewe akipita haligeukii.

Tatizo lilikuwa mrashi. Nyumba hizi zote zina mrashi wa fedha, wa kunyunyizia wageni maji ya waridi, na mrashi una hadithi yake: ulitoka Unguja kifuani mwa mama, umefungwa katika mtandio, siku walipoondoka bila kitu kingine. Kwenye posa mrashi unawekwa katikati ya meza, hadithi inasimuliwa, na upande wa pili unajua umefika kwa watu. Sasa Namba Nane, Bibi alimwona kwa macho yake akinunua wa kwake sokoni Al Ras, na mchukuzi nyuma yake amebeba boksi. Bibi aliliandika hilo vizuri mno. Lilikuwa jambo bora kuliko yote kitabuni na halikuweza kuachwa. Nikalihamishia kwa Namba Tisa.

Namba Tisa alikuwa wifi yake Bibi, dada wa marehemu mumewe, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa orijino kuliko zote. Hoja yangu ilikuwa hii: kitu cha kopi kikiwekwa katika nyumba ya orijino, hakuna atakayesadiki, na kwa hiyo hakuna atakayeumia. Hata leo sioni kosa katika hoja hiyo. Kosa lilikuwa katika bidhaa.

Kitabu kilichapwa nakala mia mbili, kikagawiwa kama zawadi. Hakuna aliyekisoma. Kila mtu alimwambia Bibi kwamba hajapata nafasi ya kukisoma, na kila mmoja alitaja ukurasa. Mwezi ulipokwisha Bibi alirudi kutoka hitima fulani, akakaa bila kuvua abaya.

"Hapakuwa na mrashi," alisema.

"Labda waliusahau, Bibi."

"Jana kwa akina fulani pia hapakuwa nao. Na juzi kwenye akika, wametunyunyizia kwa chupa ya plastiki. Ya kupigia pasi nguo!"

Nyumba saba ziliondoa mrashi mezani. Nilirudi kwenye kadi zangu nikahakikisha: nne kati ya hizo sikuwa nimezigusa kabisa. Nilikuwa nimemficha mwanamke mmoja na kuwafichua saba, na huyo mmoja, Namba Nane, ndiye peke yake aliyeendelea kuuweka mrashi wake mezani na kusimulia hadithi yake ya mtandio, maana kitabuni alisoma kwamba ni wa wifi.

Wifi mwenyewe alileta sinia la halwa na salamu. Bibi alilitazama lile sinia siku mbili kabla ya kuonja.

Miezi ikapita. Bibi aliandika kitabu cha pili, akakifikisha sura ya kumi na nane, akasimama. Sura ya mwisho ilikuwa harusi, na harusi aliyoitaka ilikuwa moja tu: ya mjukuu wa wifi yake, msimu wa baridi, ukumbi mkubwa, familia zote. Hiyo ndiyo ingekuwa kitabu. Lakini kitabu kilikuwa nusu ya jambo, naye alijua kwamba mimi najua. Mwanamke wa ukoo wake asipoonekana harusini mle, angekuwa amemalizika. Asingetukanwa wala kugombezwa. Wangeanza tu kumzungumzia kwa wakati uliopita.

Katika familia hizi kadi za kuchapwa wanapelekewa watu wa mbali. Watu wa karibu wanapigiwa simu na mwenye shughuli mwenyewe. Kwa hiyo tukaanza kungoja simu. Bibi aliiweka juu ya mkono wa kochi, kioo kikiwa juu. Dada wa kazi, Mganda, mtu wa maneno machache, alipewa amri: ikilia Bibi akiwa msalani, apokee mlio wa tatu, si wa kwanza.

"Kwa nini wa tatu, Madam?"

"Wa kwanza ni wa mtu mwenye njaa."

Wiki ya kwanza simu ililia mara nyingi, na kila aliyepiga alikuwa amekwisha kualikwa. Walipiga kuuliza atavaa rangi gani. Bibi aliwajibu kwamba bado anafikiri. Wiki ya pili waliacha kuuliza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Dada wa kazi alipita na chai.

"Haijalia, Madam?"

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna, Madam."

Sasa ni lazima niseme jambo langu. Mwisho wa wiki nilikuwa nikifanya kazi ya tatu: kumimina kahawa kwenye sherehe za wanawake. Kuna kampuni zinazokodisha wanawake watu wazima, safi, wasiosema sana, wa kupita na dele la kahawa mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia. Nilipenda kazi hiyo kwa sababu ina kanuni. Unamimina kikombe nusu. Kikijaa, umemfukuza mgeni. Unangoja akitikise ndipo ujue ametosheka. Na Jumatatu moja kampuni ilinitumia ujumbe wa ukumbi na saa, na ukumbi ulikuwa ule, na siku ilikuwa ile.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Kisha nikamwambia, maana sababu ya kwanza ya kutomwambia ilikuwa woga na ya pili ilikuwa dhaifu.

Bibi aliweka kalamu chini.

"Umealikwa wewe."

"Nimeajiriwa, Bibi."

"Utapita mlangoni?"

"Mlango wa nyuma."

"Mlango ni mlango." Alimtazama mjomba, akanitazama mimi. "Basi nenda. Simu watakunyang'anya pale mlangoni, hawataki picha. Utatumia kichwa. Nataka kujua safu ya kwanza nani kaanza na nani kamaliza. Nataka kujua bibi harusi alipoingia nani alitazama gauni na nani alimtazama mama yake. Na usinletee hisia zako, niletee vitu."

"Lakini Bibi huandiki usichokiona."

"Nikakwambia naandika? Nauliza tu."

Sherehe ilianza Alasiri. Mlangoni simu zetu zilitiwa katika mifuko na kufungwa. Nilipita safu moja baada ya nyingine kwa utaratibu, kutoka kulia, nikihifadhi kila kiti kwa namba yake, kama ninavyohifadhi rafu za ghala. Kwa nusu saa kazi ilikwenda vizuri. Nilipofika safu ya kwanza, mwenye shughuli, wifi yake Bibi, alipokea kikombe, akakinywa chote, hakukitikisa.

"Wewe ndiye mchapaji," alisema.

"Ndiyo, Bi mkubwa."

"Na kahawa unamimina."

"Mwisho wa wiki tu."

"Makubwa! Mkono mmoja wamimina kahawa, mkono wa pili wamimina watu." Wanawake wa pembeni wakacheka, kwa hiyo walikuwa hawajakisoma kitabu wao pia. "Na Bibi yako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Hakualikwa."

Alicheka mpaka bangili zikalia. "Hakualikwa! Na mie nani kanialika? Harusi ya nyumba yake mwenyewe, mjukuu wa wifi yake, mtu apelekewe mwaliko? Nimpelekee na ramani?"

Hapo ndipo nilipouona ufundi wa jambo lile. Ni kweli: mtu wa nyumbani haalikwi. Anakuja, tena anakuja mapema, akauliza mafuta ya kupikia yako wapi. Kumpigia simu ni kumwambia kuwa ni mgeni. Kutompigia, baada ya kitabu kile, ni kumwacha ahesabu siku peke yake. Bibi angekuja bila kualikwa, angeweza kuambiwa amejileta. Asipokuja, amesusa damu yake. Nimeshika spea nyingi za kuigiza maishani mwangu, na siku zote kuna mahali utaona kiungo. Hapa sikuona. Ilikuwa dharau na ilikuwa heshima, na hakuna mtu wa nje ambaye angeweza kuthibitisha ipi ni ipi.

"Kiti chake kile pale," alisema.

Kilikuwa cha tatu kutoka katikati, chenye mikono ya rangi ya dhahabu, na mto wake wa mgongo umewekwa. Kitupu. Watu wote wa ukumbi ule walikuwa wakikitazama tangu waingie.

"Weka dele, ukae."

"Mimi, Bi mkubwa?"

"Kaa, mwanangu. Kiti kitupu kinasema mno. Kinanisema mie."

Sikuwa na kanuni ya jambo hilo. Nilikaa. Saa ya ukutani ilinionyesha kwamba nilikaa dakika ishirini na mbili. Ndani ya dakika hizo watu tisa walikuja kunisalimia, yaani kukisalimia kiti, na kila mmoja aliinama akaniachia kitu cha kubeba.

"Mwambie Bibi yako, mrashi wetu una miaka mia, na risiti tunayo."

"Kitabu sijakisoma, lakini ukurasa wa arobaini kanionea."

"Mwambie yule anayetembea kama bata si mie. Mie naumwa goti."

Wa mwisho alikuwa mwanamke mnene mwenye uso mwema, aliyenishika mkono kwa muda mrefu. "Nimetafuta mwanzo hadi mwisho," alinong'ona. "Mbona mie simo? Nimemkosea nini?"

Siku ya pili yake nilimkuta Bibi amekwisha kuoga na kuvaa, daftari jipya mapajani. Nilimpa vitu kama alivyoagiza, kwa safu na namba. Aliandika vitatu, akaacha. Alikuwa anangoja kingine.

"Kulikuwa na kiti chako," nilisema.

"Safu ya ngapi?"

"Ya kwanza. Cha tatu kutoka katikati."

"Kilibaki kitupu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimeifikiria hiyo ndiyo usiku kucha, na ilikuwa na sifa nyingi. Lakini watu tisa walinisalimia, na mmoja wao tu angetosha kumfikishia.

"Hapana, Bibi. Aliniamuru nikae mimi."

"Dakika ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Uliegemea?"

"Sikuegemea."

"Afadhali." Alifunga daftari. Nikamweleza maneno ya wifi yake, yale ya mtu wa nyumbani na ramani. Alisikiliza akimtazama mjomba.

"Ulimsadiki?"

"Nusu, Bibi."

"Nusu ipi?"

"Ile ya kiti. Mto uliowekwa ulikuwa wa mgongo, sio wa kawaida. Viti vingine havikuwa na mto."

Mgongo wa Bibi ulikuwa unamsumbua tangu mwaka uliopita, na hakuwaambia watu wengi. Kisha akachukua simu mwenyewe, akaishika mbele ya uso kama kioo cha kujitazamia, sauti ikitoka nje, kwa hiyo mimi na dada wa kazi mlangoni tulisikia yote bila kutenda dhambi ya kusikiliza.

"Wifi."

"Nani mwenzangu?"

"Usijifanye. Jina langu limekutokea hapo."

"Macho yangu siku hizi hayaoni. Kitabu fulani kiliniumiza."

"Ulisema hukukisoma."

"Sikukisoma. Nimesomewa."

"Umemkalisha mchapaji wangu mahali pangu!"

"Ungekuja, tungemkalisha nani?"

"Hukunialika!"

"Na wewe uliponitia kitabuni," alisema wifi yake polepole, "mie uliniletea mwaliko?"

Bibi alimtazama mjomba, kisha akanisema mimi.

"Ule mrashi haukuwa wako. Ni wa mwengine. Huyu mchapaji ndiye aliyeuhamisha kukuficha, na makadi yake."

Nilijiandaa kupoteza kazi moja kati ya tatu.

"Basi alijuaje?" alisema wifi.

"Alijuaje nini?"

"Duka la tatu, ukitoka kwa wauza zafarani. Wa mama uliibiwa Maskati, mwaka ule tulipohama. Nilinunua kabla ya posa ya binti yangu. Hata mume wangu amekufa hajui." Kisha sauti ikabadilika. "Miaka thelathini naulinda, wifi. Umekuja kunivua nguo kwa bahati mbaya."

Bibi alianza kucheka kwanza, kicheko kidogo cha puani, na upande wa pili ukafuata, na kwa muda hakukuwa na maneno, ni wanawake wawili wazee wanaokohoa. Nilitazama vidole vyangu. Nimewaza mara nyingi tangu siku hiyo juu ya hoja yangu ya orijino na kopi.

"Kesho kutwa chakula cha ndugu," alisema wifi alipopata pumzi. "Kilo kumi za vitunguu, na wasichana wa siku hizi wana kucha."

"Unanialika?"

"Sikualiki. Nakutuma. Uje saa mbili asubuhi, na kisu chako."

Siku hiyo Bibi alitoka bila dhahabu hata kipini. Dada wa kazi alimfungia kisu katika taulo. Mimi niliomba ruhusa ghalani, nikawasha kompyuta Al Twar, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika "Sura ya Kumi na Tisa", nikangoja. Alirudi baada ya Alasiri. Macho yalikuwa mekundu, mikono inanuka, na alikuwa amepakwa manjano shavuni na mtu ambaye bila shaka alikusudia. Akaketi chini ya mjomba.

"Tuanze, Bibi?"

"Andika: Mwisho."

"Na harusi?"

"Harusi sikuiona."

"Na chakula cha ndugu? Hicho umekiona."

Alinitazama kama nimeomba kuonjeshwa dawa yake. "Hicho nimekila, mwanangu," alisema. "Futa hiyo sura."

Nikafuta. Riwaya inaishia sura ya kumi na nane, mwanamke amekaa sebuleni kwake na simu juu ya mkono wa kochi. Ilipochapwa, bwana mmoja msomi wa Sharjah alimwandikia Bibi barua ya kurasa mbili, kumsifu kwa ujasiri wa kuacha jambo lisimalizike. Alisema ndivyo sanaa ya kweli ilivyo, inajua wakati wa kunyamaza. Nilimsomea barua ile. Aliomba nimsomee tena mahali pale pa ujasiri. Halafu akaniambia huyo ni mtu aliyesoma, tumjibu vizuri, lakini si leo, maana alikuwa ametumwa kununua bizari, na wifi yake hapendi kungojeshwa.